Mwandiko wa Mwalimu Wetu

Mwalimu wetu wa darasa la sita hakupiga watoto. Alisema hivyo mwenyewe mbele ya wazazi, na hakuna mzazi aliyecheka.

"Mi sipige mutoto," alisema. "Mi napigaka mukono."

Ilikuwa kweli. Alimwita mtoto mbele, akashika mkono wake kwenye kifundo, akauinua karibu na uso wake na kusema nao kama kapita, msimamizi wa mgodini, anavyosema na mtu aliyechelewa kazini.

"Mukono, nani alikutuma kuchora mu kaye ya mwenzako?"

Mkono haukujibu. Mtoto alisimama pembeni kama shahidi. Kisha lati, ile rula yake ndefu ya mbao, ilishuka mara tatu, na Mwalimu akauachia mkono urudi kwa mwenyewe. Alipotoa zawadi alifanya vilevile. Hakukusifu wewe. Alifungua kiganja chako cha kuume, akaweka zawadi katikati, akakunja vidole vyako kimoja kimoja, na kusema, "Mukono, umetumika muzuri." Ukarudi kwenye dawati ukiwa umebeba mkono uliosifiwa.

Sasa amezikwa Manika. Watu waliomfahamu wanauliza kwa nini hakurudishwa kwao Sandoa, alikotaka kumalizia siku zake, na wengi wanamlaumu mdogo wake kwamba hakuja kumchukua. Mdogo wake hana kosa. Nitaandika ilivyokuwa, lakini kwanza nimwandike Mwalimu mwenyewe, maana yote mawili yanakwenda pamoja.

Alikuwa na abakosti moja, lile koti la suti lisilotaka tai, ya rangi ya majivu. Mama Mwalimu, mkewe, aliifua Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya usafi ya mtaa mzima, na Jumatatu ilirudi ikiwa na mikunjo ileile. Mkono wake wa kushoto ulikaa mfukoni mwa abakosti hiyo kutoka wimbo wa bendera asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Mkono wa kuume ulifanya kila kitu: chaki, lati, kengele, kufunga dirisha, kupangusa pua ya mtoto wa darasa la kwanza aliyepotea njia. Tulibishana juu ya kilichokuwa mfukoni. Ilunga, niliyekaa naye dawati moja, aliapa kuwa Mwalimu ameshika kipande cha sukari na anakilamba wakati wa mapumziko.

"Uliona?" nilimwuliza.

"Siwezi kuona, iko mu mfuko," alisema Ilunga. "Lakini angalia meno yake."

Siku moja waya ulioshika tablo, ubao wetu mweusi, ulikatika. Kabla hatujapiga kelele, mkono wa kushoto ulikuwa umetoka mfukoni na kuidaka ile tablo hewani, juu ya kichwa cha mtoto wa mstari wa mbele. Mkono wa kuume ulikuwa bado na chaki, haujajua kitu. Mwalimu aliiegemeza tablo ukutani. Akautazama ule mkono wa kushoto jinsi unavyomtazama mtoto aliyejibu bila kuitwa. Halafu akaurudisha mfukoni, na somo likaendelea.

Shule yetu ya Musonoi ilikuwa karibu na shimo la mgodi. Kila siku, saa ambayo haikubadilika sana, king'ora kililia, na baada yake walipasua mwamba kwa baruti. Madirisha yalitetemeka, vumbi lilishuka kutoka kwenye mabati, na kama ulikuwa unaandika, herufi yako iliruka kama panzi. Mwalimu hakukubali jambo hilo. King'ora kilipolia tu alisema, "Mabiki yulu!" na sisi sote tuliinua biki zetu juu ya kaye, madaftari yetu, na kungoja. Mlipuko ulikuja, ukapita, madirisha yakanyamaza. Ndipo akasema, "Muendelee." Aliyeandika katikati ya mlipuko alipata lati. Aliyeinua biki wa kwanza kabisa alipata bompwe.

Lazima nieleze bompwe. Kilikuwa kikaratasi kigumu cha ukubwa wa vidole viwili, alichokata kutoka kwenye maboksi ya sabuni na ya sigara, na nyuma yake aliweka sahihi yake kwa wino mwekundu. Bompwe kumi zilibadilishwa na picha. Picha zilikuwa za kalenda za zamani, amezipanga ndani ya sanduku la biskuti: ng'ombe mwenye kengele shingoni, daraja, watoto wazungu wakila tikiti. Ile niliyoitaka mimi ilikuwa ya gari-moshi jekundu linalopita katika kitu cheupe. Mwalimu alisema ni baridi iliyoganda. Nilikuwa ninaifikiria hata wakati wa kusonga bukari.

Hakuwapa bompwe watoto tu. Dereva wa kampuni aliyesimamisha lori lake ili tuvuke barabara alipewa moja kupitia dirisha la lori. Alimpa mama yangu moja kwa kufika mapema kwenye mkutano wa wazazi, na mama aliishika mkutano mzima bila kujua aiweke wapi. Mganga wa zahanati alikuwa nazo tatu, amezibandika ukutani juu ya mizani ya watoto. Watu wazima walicheka walipopewa, lakini sikuona hata mmoja akitupa yake.

Na alikuwa na mambo yasiyopatana. Mtoto mmoja alipigwa asubuhi kwa kulala darasani. Saa sita ikajulikana kuwa ana malaria, na Mwalimu akambeba mgongoni mpaka zahanati, akipita katikati ya soko, lati ikiwa bado imechomekwa kwenye mkanda wake. Jioni alikwenda kwao mtoto kumpelekea chungwa. Lakini kesho yake hakusema samahani. Alisema, "Mukono yake haikuwa na kosa. Mi nilisoma mubaya." Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake, na aliitoa kwa ule mkono.

Ilunga alipigwa kila siku kwa sababu ya kucheka. Alipigwa Jumatatu, alipigwa Ijumaa, na akiwa njiani kurudi kwenye dawati, akipuliza kiganja chake, alikuwa tayari anatafuta kitu kingine cha kucheka. Lati haikumbadilisha hata kidogo. Leo anafanya kazi ya umeme kwenye kampuni, na bado anacheka.

Mimi nilizaliwa mtu wa mkono wa kushoto. Walimu wa madarasa ya nyuma walinipiga walipokumbuka, lakini watoto walikuwa wengi na walimu walisahau. Mwalimu wetu hakusahau. Siku ya kwanza alisimama nyuma yangu muda mrefu. Nilisikia pumzi yake.

"Mukono," alisema kwa sauti ya chini, "wewe hauko wa kazi hii."

Nyumbani sikuwa na pa kulalamika. Mama alikuwa akikanda unga wa mikate ya mafuta aliyouza asubuhi mbele ya geti la mgodi. Alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Acha aupige," alisema. "Mutoto mwanamuke wa kushoto, nani atamuoa? Utapana mukwe yako chakula na mukono gani?"

"Kuandika si chakula, mama."

"Yote inapitaka mu mukono."

Kwa miezi miwili lati ilishuka juu ya vifundo vya vidole vyangu. Mara ya kwanza nililia. Baadaye mkono ulikufa ganzi, na nikawa ninasikia lati kama inampiga mtu wa dawati lingine. Lakini sikuacha. Nilijifunza kitu kingine. Nilijifunza sauti ya viatu vyake. Vilipokwenda kwenye tablo, biki ilihamia kushoto. Vilipogeuka, ilirudi kuume, na mimi nikajifanya ninafikiri. Ilunga alinisaidia kwa kikohozi. Tulikuwa hodari sana. Kama ingekuwa lati peke yake, nadhani hadi leo ningekuwa ninaandika na kushoto na kusikiliza viatu.

Kilichonibadilisha ni bompwe. Asubuhi moja viatu viligeuka ghafla, na ikanibidi niandike tarehe kwa mkono wa kuume, pole pole, kwa hofu. Ilikuwa tarehe tu. Mwalimu aliinama, akaitazama, akafungua kiganja changu cha kuume, akaweka bompwe na kukunja vidole. "Mukono, umetumika muzuri." Darasa lote lilitazama. Sijawahi kutazamwa vile kwa jambo zuri, na kwa mtu mwenye haya kama mimi lilikuwa jambo zito, karibu liume.

Jioni ile nilichukua kipande cha kitambaa cha mama na kuufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni. Hakuna aliyeniambia. Nilikaa chini mbele ya nyumba na kuiga herufi za Mwalimu kutoka kwenye kaye niliyosahihishiwa: ile *h* yake yenye kona kama mpini wa mwavuli, ile *d* inayoegemea nyuma kama mtu aliyeshiba. Nilifanya hivyo kila jioni mpaka giza. Mama alipita na beseni, akaona kitambaa, akasema tu, "Funga vizuri, itafunguka."

Nimefikiria sana juu ya hilo. Lati ilinifundisha kujificha. Lakini kitambaa nilikifunga mwenyewe, na nilikifunga kwa sababu ya gari-moshi jekundu.

Bompwe zilikuwa na sheria yake ambayo hatukuiona wakati ule, na nadhani yeye pia hakuiona. Ukurasa mzima wenye doa moja haukupata kitu. Mistari mitatu safi ilipata bompwe. Basi mimi niliandika mistari mitatu. Wengine walipomaliza, Mwalimu aliwaambia, "Batoto, tungoje mwandiko," na darasa lote lilikaa likiningoja, Ilunga akipiga miayo kwa makusudi. Hakuna bompwe iliyotolewa kwa kumaliza. Nilipata picha yangu kabla ya sikukuu. Niliibandika ukutani nyumbani, na vumbi la Musonoi likageuza ile baridi nyeupe kuwa nyekundu, mpaka gari-moshi halikuonekana vizuri.

Mara moja direktere wa shule alikuja kukagua kaye. Alishika yangu, akamtazama Mwalimu, akamwita sitwaye, raia, kama watu wazima walivyoitana siku zile.

"Sitwaye, iyi uliandika weye."

"Hapana, sitwaye direktere. Ni ya uyu mutoto."

"Mi nayua mwandiko yako. Miaka kumi nasomaka marapoti yako."

Nikaitwa mbele. Nikaandika sentensi moja kwenye tablo, chini ya sentensi aliyoiandika Mwalimu. Direktere alisogea karibu, akarudi nyuma, akavua miwani, akavaa. Halafu alicheka na kusema kwamba hata yeye, kwa kiapo, hawezi kuzitenganisha. Siku hiyo Mwalimu alinipa bompwe mbili. Ilikuwa mara moja tu aliyowahi kutoa mbili.

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi haukufanyika kwetu. Tulitembea mpaka Manika, kwenye shule nyingine, na msimamizi alikuwa mgeni. Kwanza ilikuwa imla. Alisoma kila sentensi mara mbili kwa Kifaransa na kuendelea. Nilikuwa nyuma kidogo, lakini nilikuwa ninamfuata. Ndipo, mbali sana, upande wa Musonoi, nikasikia king'ora.

Niliinua biki.

Sikuamua kuiinua. Iliinuka. Manika ilikuwa mbali, madirisha yasingetetemeka, na hakuna mtoto mwingine aliyeacha kuandika. Hata Ilunga aliendelea kuandika, kichwa chini. Mimi nilingoja mlipuko. Ulikuja mdogo, kama mtu anayefunga mlango nyumba ya pili. Nikangoja mtu aseme "Muendelee." Msimamizi hakusema. Niliposhusha biki alikuwa amesoma sentensi mbili nisizozijua. Ningeweza kuinua mkono na kumwomba arudie. Watoto wawili waliomba, na aliwarudia. Lakini nilikuwa na haya. Nikaandika kilichobaki kwa herufi nzuri, na hesabu pia sikuimaliza.

Matokeo yalipotoka, Mwalimu alikuja nyumbani mwenyewe. Hakukaa.

"Mama, mwandiko yake ilishinda bote," alisema.

"Aksanti, Mwalimu. Basi amepita?"

"Hapana."

"Kama ilishinda, mbona hayapita?"

"Haikuisha."

Mama alimtazama, akanitazama mimi, akarudi kwenye unga wake. Mwalimu aliacha bompwe juu ya meza na kuondoka. Meza yetu ilikuwa ikiyumba kwa miaka. Mama alikunja ile bompwe mara mbili na kuiweka chini ya mguu mmoja, na haikuyumba tena.

Shule yangu iliishia hapo. Nilianza kukanda unga na mama, na baadaye kusuka watu nywele. Kwa kazi hizo mkono wa kushoto ndio unaoongoza, maana hakuna aliyewahi kuupiga juu ya unga au juu ya kichwa cha mtu. Kuandika tu ndiko usikokujua. Nilipokutana na Mwalimu njiani alinisalimu kwa kuinamisha kichwa, mkono wa kushoto mfukoni, na mimi niliitikia nikitazama viatu.

Halafu alihamia Manika, na mwishoni mwa kiangazi cha mwaka uliopita tulisikia kwamba ameanguka na upande wake wa kuume umekufa. Mama alifunga sombe, majani ya muhogo, na unga katika kitambaa, akanituma.

Nilimkuta uani kwenye kiti. Mkono wa kuume ulikuwa juu ya paja lake kama kitu alichoombwa amshikie mtu. Alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo, lakini ulielewa. Mkono wa kushoto ulikuwa nje. Tangu nimjue sikuwahi kuutazama kwa utulivu. Juu ya vifundo vya vidole palikuwa na makovu ya zamani, yamepangana mstari mmoja. Nilikuwa nayajua makovu hayo. Nilitazama yangu, kisha nikaficha mkono chini ya kitenge.

Aliniona.

"Njo uyu alikuwa mukubwa," alisema, akiutazama mkono wake wa kushoto. "Ya kuume alikuwa mutumishi tu. Bakampiga uyu mpaka akakubali kukaa mu mfuko. Nikamwambia kaa, akakaa. Sasa mutumishi amekufa. Namuita mukubwa atoke, aandike. Hatoke."

Mama Mwalimu alileta biki na kuvishikisha vidole vya mumewe ili nione. Mkono wa kushoto ulichora kitu kama mguu wa kuku, ukaanguka.

"Unaona?" alisema Mwalimu. Hakuwa na huzuni usoni. Au uso nao ulikuwa umekufa ganzi, sijui.

Kisha Mama Mwalimu alinieleza shida. Ng'ambo ya barabara, mbele ya depo ya chumvi, lori lilikuwa likipakiwa. Dereva alikuwa Mwislamu mmoja ambaye jamaa zake walitoka Maniema, mtu wa kuaminika, na alikuwa akienda Sandoa. Ilikuwa safari ya mwisho kabla mvua hazijaifunga barabara mpaka mwezi wa tano. Mwalimu alitaka kumwandikia mdogo wake aje amchukue kwa lori lolote, kwa namna yoyote, akafie kwao. Mama Mwalimu hakusoma. Watoto wao walikuwa mbali. Nilikuwa nimefika mimi.

"Mungu amekutuma," alisema Mama Mwalimu, akaniwekea kigoda.

Mwalimu alianza kunitajia maneno niandike, na aliyapanga jinsi alivyotufundisha darasani. Barua yenye neno zito haianzi na neno zito. Inaanza na salamu kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, halafu uzima wenu, ili msomaji akae chini kwanza. Ndipo unaandika *ila*, na baada ya *ila* unasema lako. Niliandika *Ndugu yangu mpendwa*. Niliandika shangazi, mke wa ndugu, watoto kwa majina yao, jirani mwenye shamba la mihogo. Kila *h* ilipata mpini wake.

Ng'ambo ya barabara honi ililia.

"Mwalimu! Mi naenda! Mvua iko nyuma yangu!"

"Dakika tano, Tata Dereva!" alijibu Mama Mwalimu.

"Ile dakika tano ni ya tangu asubuhi, mama!"

Mwalimu aliinamisha kichwa na kutazama karatasi. Nadhani ndipo alipoona nilivyokuwa pole pole. Alitazama mkono wangu ukizunguka *d*, ukirudi nyuma, ukiegemea.

"Andika mbio," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Fanya herufi mubaya. Hakuna neno. Leo fanya mubaya."

Nilijaribu. Ninaapa nilijaribu. Nilibonyeza biki na kuivuta, na mkono ukageuza kona, ukainua, ukashusha, kila herufi ikatoka kama ya siku zote. Sikujua namna ya kuandika vibaya. Hakuna aliyewahi kunipa kitu kwa jambo hilo.

"Andika na ile ingine," alisema kwa sauti ya chini. "Leo hakuna mutu wa kukupiga."

Nilihamisha biki kushoto. Mkono wa kusuka, mkono wa unga, ulishika biki kama mwiko na haukujua uanzie wapi. Niliirudisha kuume. Niliandika, *Sisi huku Manika ni wazima kabisa, tunamshukuru Mungu.* Na hapo, mbali, upande wa Musonoi, king'ora kililia, na biki ikainuka.

"Endelea, mwanangu," alisema Mwalimu. "Iyi si klasi."

Nilisikia. Sikuweza. Tulikaa sote watatu, biki ikiwa hewani, tukingoja. Mlipuko ulipopita, dereva alikuwa amesimama uani, akipangusa chumvi mikononi.

"Iko wapi barua?"

"Haiyaisha!" alisema Mama Mwalimu.

Dereva aliichukua juu ya mapaja yangu na kuitazama. "Iyi? Mbona ukurasa umejaa? Barua muzuri ya namna hii!" Aliikunja mara mbili na kuiweka mfuko wa shati. "Nitaiacha ku duka la Sandoa, ataikuta."

"Umwambie kwa mudomo..." alianza Mama Mwalimu.

"Mama, mi simuyue ule ndugu. Duka njo inamuyua." Alikuwa tayari anatembea. Mama Mwalimu alimfuata mpaka barabarani akisema, akisema, lakini injini ilikuwa inaunguruma, na lori likaondoka na utingo wake akiwa juu ya magunia.

Uani tulibaki wawili. Mwalimu hakunigombeza. Alitafuta pumzi.

"Hakuna shida," alisema. "Ndugu yangu si mujinga. Ataona iyi si mwandiko yangu. Atajiuliza, kwa nini kaka hakuandika mwenyewe? Atayua. Atakuya."

Nilitazama mkono wangu wa kuume. Direktere aliyesoma marapoti yake miaka kumi alikuwa amevua miwani na kuivaa. Huyo ndugu, aliyekuwa mbali miaka yote hiyo, angefungua karatasi dukani na kuona mpini wa mwavuli na mtu aliyeshiba, na kusoma kwamba kaka yake ni mzima kabisa, na anamshukuru Mungu.

Lori lilikuwa bado linasikika kwenye kona. Ningeweza kukimbia. Ningeweza angalau kumwambia.

"Ndiyo, Mwalimu," nilisema.

Aliingiza mkono wa kushoto mfukoni mwa abakosti. Ulipotoka ulikuwa na bompwe ya zamani, sahihi yake imegeuka rangi ya kutu. "Unisamehe, natoa na kushoto," alisema. Aliiweka katikati ya kiganja changu cha kuume na kukunja vidole vyangu, kimoja kimoja, kwa shida, kidole cha mwisho kikamshinda na nikakikunja mwenyewe.

"Mukono," alisema, "umetumika muzuri."

Nilimuaga Mama Mwalimu getini. Nilitembea kutoka Manika hadi Musonoi kwa miguu, mkono ukiwa umefumbwa, na nilipofika nyumbani mama aliniuliza nimeshika nini, na vidole havikutaka kufunguka.